MALI YA MJERUMANI HAIPO. ILIYOKUWEPO TUMEIUZA KWA KILO

Haya wadau, nimerudi chuo. Najua niliahidi kuandika habari za BTP mara tu nikimaliza, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimekufa au nimeolewa. Sijafa, sijaolewa. Nilikuwa nyumbani Mwandiga, na nimerudi na hasira ambayo safari ya siku mbili kwenye basi mpaka Iringa haikuipunguza hata kidogo. Kwa hiyo habari za BTP baadaye. Leo nataka kugombana.

Kwa wasioijua Mwandiga: ukitoka Kigoma Mjini unapanda daladala, dakika chache tu uko juu, umeliacha ziwa nyuma. Ni njia panda. Barabara moja inakwenda Manyovu mpaka Burundi, nyingine Kidahwe hadi Kasulu. Kuna soko, kuna mawese ya kila rangi, kuna vumbi. Juu ya shamba la babu yangu, karibu na mgongo wa kilima, kuna mtaro ambao tangu nikiwa mdogo naambiwa ni "handaki la Mjerumani". Tulichezea humo. Tulijificha humo tukikwepa kutumwa maji. Mtu mzima akisimama ndani ulimfika kiunoni, na ulikuwa na miti imeota katikati, miti mizee.

Nasema ULIKUWA kwa sababu sasa hivi ni shimo.

Kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka tu, hakuna cha binamu) aliingia kundi la vijana sita wanaotafuta mali ya Mjerumani. Mnaijua hadithi yenyewe. Mjerumani alipokimbia aliacha dhahabu, aliacha rupia, aliacha sijui zebaki nyekundu, akaweka alama kwenye mawe na miti ili wajukuu zake waje kuchukua. Kukatokea mtu kutoka nje ya mkoa, ana mashine ya kupimia madini, inalia pii pii. Akapita mtaroni, mashine ikalia. Akasema kuna sanduku chini mita sita. Akasema pia rupia ya kweli inavuta punje za mchele, akawaonesha kwa macho yao (sijui alifanyaje, mazingaombwe tulianza kuyaona tangu shule ya msingi). Kila mmoja atoe mchango wa mashine. Kaka akauza kipande cha michikichi. Michikichi, wadau! Mtu wa Kigoma auze michikichi inayozaa, anunue mlio wa mashine!

Walichimba wiki tatu, usiku, kwa tochi. Mvua zilipoanza ukuta mmoja ukateleza ukamfunika kaka mpaka kifuani. Walimtoa, Mungu mkubwa, lakini nyonga ilivunjika. Leo anatembea na fimbo, ana miaka thelathini na moja, na mkewe ndiye anayelima. Mwenye mashine hakuonekana tena tangu usiku ule.

Mnataka kujua walipata nini? Walipata. Ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Walipata maganda ya risasi, nene kama kidole gumba changu, kama ishirini hivi. Bakuli la bati limeoza. Kitu kama kifungo cha mkanda. Walipoona siyo dhahabu, maganda yakapelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu, yakapimwa kwa kilo pamoja na sufuria mbovu na betri. Nimebaki na moja tu, alilokuwa anachezea mpwa wangu. Ninalo hapa kwenye meza, nalitumia kushikilia karatasi za madesa zisipeperuke.

Sasa tuanze na hiyo dhahabu, maana kuna watu wasomi kabisa, wengine nasoma nao kozi moja, bado wanaamini.

Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli, na hadithi nyingi za uongo zina mkia wa ukweli. Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezibwa baharini na Waingereza, fedha haziingii. Serikali ya Kijerumani iliyokuwa imehamia Tabora ikaanza kutengeneza sarafu zake kwenye karakana ya reli. Zilikuwepo za senti ndogo, heller 5 na heller 20, na ilikuwepo ya dhahabu ya rupia 15, ina picha ya tembo na mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Zilitengenezwa sarafu 16,198. Kila moja ina gramu 7 na kidogo. Chukua kalkuleta uzidishe. Inakuja kama kilo 116, na robo yake siyo dhahabu. Yaani dhahabu YOTE ya sarafu iliyotengenezwa koloni zima, kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, ilikuwa na uzito wa gunia moja la mahindi na madebe kidogo. Na hilo gunia lilisambazwa, likatumika kulipia watu na vitu. Halafu leo kila kijiji chenye kilima kuanzia Kigoma hadi Mbeya kina sanduku lake la dhahabu mita sita chini. Hayo masanduku yalijazwa na nini?

Na heller 20 zilitengenezwa kwa nini? Kwa shaba, na sehemu ya shaba hiyo ilikuwa maganda ya mizinga yaliyokwisha kupigwa. Serikali iliyoishiwa kiasi cha kuyeyusha maganda ili ipate chenji ya sokoni, hiyo ndiyo ilisahau sanduku Mwandiga?

Tuendelee kidogo, maana nimeshapanda mzuka. Mjerumani Kigoma hakukimbizwa usingizini. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Meli yake kubwa, Graf von Götzen, ambayo nyie mnaijua kwa jina la Liemba, ilijengwa Papenburg Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande kwenye masanduku kama 5,000, ikapanda meli, ikapanda treni, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ilifungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyozama Rufiji Julai 1915. Baadaye jeshi la nchi kavu likauhitaji ule mzinga, ukafunguliwa ukaenda. Mahali pake wakaweka wa mti! Gogo, wadau, limepakwa rangi ili adui akitazama kwa darubini aogope. Na Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo kule Rukwa, ngome ilikuwa na mizinga ya namna hiyo hiyo, ikamfanya Mwingereza na boti zake asite kusogea. Mjerumani aliyefikia hatua ya kumtisha mtu kwa gogo hakuwa na kitu cha kuacha.

Juni na Julai 1916 ndege za Wabelgiji zilitokea ng'ambo zikaangusha mabomu Kigoma. Wakati huohuo kikosi cha Wabelgiji kilichokuwa kimechukua Gitega Juni kilikuwa kinashuka kutoka Burundi. Mjerumani akaona reli itakatwa mgongoni mwake. Julai 26 akaizamisha Götzen kwa mkono wake mwenyewe, baada ya mafundi kuzipaka mashine zake grisi nene ili siku moja zifae, akarudi nyuma kwa njia ya reli kuelekea Tabora. Julai 28 Mbelgiji akaingia Kigoma. Na Mbelgiji hakupita njia tu, alikaa mpaka 1921.

Nauliza swali dogo. Mtu anaondoka kwa mpango, ana treni, ana muda wa kupaka grisi injini za meli. Dhahabu anaipandisha behewani, au anaizika kwenye handaki linalotazama njia ya Burundi, handaki ambalo adui ndiye atalala humo kesho yake? Hata mimi ninayesahau kitambulisho cha chuo kila wiki nisingefanya hivyo.

Basi, dhahabu nimemaliza. Sasa nageukia kundi la pili, na hawa ndio walionifanya niandike.

Juzi kantini nikasimulia habari ya kaka. Jamaa mmoja wa kozi yetu, kichwa kweli kweli, mtu wa nondo, akaweka kijiko chini akasema: "Dada, pole kwa kaka, lakini kuhusu lile handaki mimi silii. Ni kovu la mkoloni. Kovu halitunzwi. Acha lifukiwe watu walime." Wakampigia makofi! Meza nzima! Nikakosa la kusema pale pale (mnajua mimi majibu huja nikishafika bwenini), kwa hiyo namjibu hapa, na asome mpaka mwisho.

Kwanza, hilo jina. Handaki la Mjerumani. Mjerumani gani alishika jembe? Vita ilipoanza 1914 jeshi lote la Mjerumani hapa lilikuwa na Wazungu 260 hivi na askari Waafrika karibu 2,500. Hata ukiongeza walioandikishwa baadaye, nani alichimba mahandaki, nani alibeba mizinga, nani alitengeneza barabara? Ni watu wenye majina kama ya kwetu. Baba yake babu yangu alichukuliwa 1916, kijana hata ndevu hana, akabebeshwa mzigo wa Wabelgiji (babu huwaita Bulamatari, kama wanavyoitwa ng'ambo) kuelekea Tabora. Alirudi. Ndugu yake aliyebebeshwa naye hakurudi, na hakuna mtu aliyekuja kuwaambia alizikwa wapi. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa katika vita hii, wengi kwa njaa na maradhi, siyo kwa risasi. Kariakoo, ile unayokwenda kununua viatu, jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Upande wa Mjerumani hakuna aliyeandika hesabu ya waliokufa wakibeba mizigo. Watu hao hawana kaburi, hawana picha, hawana barua. Kilichobaki cha mikono yao ni udongo walioutoa sehemu moja wakauweka sehemu nyingine. Ndiyo handaki. Ukilifukia humfukii mkoloni, mkoloni ana makaburi yake yamefyekwa vizuri na yana majina.

Brussels, mjini katikati, kuna mtaa unaitwa Tabora. Wanaukumbuka mji wetu kwa sababu waliuteka Septemba 19, 1916. Wao wana mtaa, sisi tulikuwa na mtaro, na mtaro tumeutoboa.

Pili, huyu ndugu ni mwalimu mtarajiwa wa historia, na hapa ndipo nilipotaka kumrushia kile kijiko. BTP yangu nilifundisha kidato cha nne. Mada ya kwanza kwenye muhtasari niliopewa ni misukosuko ya mfumo wa kibepari, humo ndimo ilimo Vita ya Kwanza ya Dunia. Watoto wanakariri: Sarajevo, Juni 28, 1914, Franz Ferdinand, miungano ya mataifa ya Ulaya, hoja sita za sababu, hoja sita za matokeo. Wanaimba kama kwaya. Nikauliza darasa: nani anajua meli za vita zilipigana wapi karibu na hapa? Kimya. Nikauliza: nani amepanda Liemba? Mikono mingi juu. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amepanda meli ya vita. Wamezaliwa kwenye uwanja wa vita, wanafundishwa vita ya watu wa mbali. Mwisho wa mwezi wanaandika "vita ilipiganwa Ulaya" na wanapata vema.

Nikawapeleka. Wanafunzi arobaini na wawili, futi kamba moja ya fundi, dakika themanini, na barua ya ruhusa ya mkuu wa shule. Hii ilikuwa kabla ya wenye mashine. Nikawaambia msiniamini mimi, msimwamini na babu, utazameni mtaro uwaambie wenyewe. Msichana mmoja wa nyuma kabisa, yule ambaye kwenye mtihani alipata kumi na tisa, akasema: "Mwalimu, kama ni wa maji mbona umekata kona?" Nilitaka kumkumbatia. Mtaro wa maji, au makinga maji yale ya shambani, hufuata usawa wa kilima, haurukiruki. Huu ulikwenda hatua saba nane, ukapinda, ukaenda, ukapinda. Handaki la vita hupindishwa hivyo ili adui akifika ncha moja asiwapige wote kwa mstari, na bomu likiangukia kipande kimoja kipande kingine kisalimike. Halafu mvulana mwingine akagundua udongo uliochimbwa umelundikwa upande mmoja tu, upande wa kaskazini. Tukageuka kutazama kaskazini. Njia ya Burundi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Ndio, inawezekana ulichimbwa na Mjerumani kumsubiri Mbelgiji. Lakini Mbelgiji naye alikaa miaka mitano, anaweza kuwa aliuchimba au kuutumia. Ndiyo maana nayalilia yale maganda. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti ya moshi, ukifyatua mara moja wingu jeupe linamwonesha adui ulipo. Askari wa Bulamatari walikuwa na Albini, nayo ya zamani, nayo risasi yake nene. Ganda la huyu na la huyu hayafanani ukiyashika pamoja, na kitako cha ganda mara nyingi huwa na alama ya kiwanda. Maganda ishirini, yaliyolala mahali yalipoangukia, mtaalamu angeyasoma kama tunavyosoma ubao: nani alisimama hapa, alielekea wapi, alipiga risasi au alikaa tu akila. Ukishayatoa kwa sururu usiku ukayatupa kwenye gunia, hata profesa atoke Oxford hawezi kuyarudisha. Kaka yangu alipoteza nyonga na kijiji kikapoteza ushahidi wake wa pekee, kwa shimo moja.

Tatu, wenzetu. Nenda Taita Taveta, Kenya. Salaita, Februari 12, 1916, Waingereza walikipiga kilima kwa mizinga kileleni kweli kweli, kisha wakawatuma askari wa Afrika Kusini wapande. Kumbe Mjerumani hakuwa kileleni, mahandaki yake yalikuwa chini miguuni mwa kilima. Wakachapwa. Leo watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuzunguka Salaita na Maktau, na kijana wa pale anawaongoza, anaeleza kosa hilo, analipwa. Udongo uleule, vita ileile, Mjerumani yuleyule. Sisi tuna ziwa, tuna meli yenyewe, tuna stesheni ya Kigoma aliyoijenga yeye, tuna Ujiji hapo jirani ambako wageni wanakuja tayari kumwona Livingstone. Mgeni anaoneshwa mwembe anarudi hotelini. Nimechoka na ule mwembe, samahanini wazee wa Ujiji.

Mwenzangu wa chumbani ni wa Missenyi. Kwao kanisa la Kyaka lililobomolewa katika vita ya Kagera bado magofu yake yamesimama, na mama yake alikuwa mtoto 1978 Amin alipoingia, akakaa kwenye handaki na mbuzi. Anasema akipita pale na watoto haongei sana, anaonesha ukuta tu. Nikamuuliza, na lile nalo ni kovu lifukiwe? Akaniambia: "Fukia uone wazee watakavyokufanya." Sasa kwa nini 1978 ni yetu na 1916 si yetu? Kwa sababu 1978 tulishinda?

Na msiniambie kuna sheria. Nimeisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilipotungwa iliweka mstari: majengo, ngome na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 yanalindwa yenyewe, ya baadaye mpaka Waziri ayatangaze. Mwaka 1964 mstari huo ulikuwa na maana, miaka mia nyuma. Lakini waliandika MWAKA, hawakuandika umri. Mwaka haukui. Kwa hiyo handaki la 1916 lenye zaidi ya miaka mia moja, mbele ya mstari huo, ni changa mno. Ikulu ndogo ya Kigoma ina mlinzi kwa sababu kuna mtu anaishi humo. Kilima cha Mwandiga nani atakitangaza? Waziri hajui kama kipo, na hatajua, kwa sababu wa kumwambia ni mwalimu wa historia wa pale, na mwalimu wa historia wa pale anafundisha Sarajevo. Simlaumu, ana vipindi ishirini na nane kwa wiki na madaftari mia mbili. Nalaumu sisi tunaoandaliwa kumfuata huku tukipiga makofi kantini.

Najua mtaniuliza, sasa wataka nini, makumbusho? Hapana. Sitaki vioo, sitaki bango lenye makosa ya spelingi, sitaki mgeni rasmi. Hapa Iringa tuna Kalenga, wote tumepelekwa. Ngome ya Mkwawa ya Lipuli, iliyopigwa mizinga na kuanguka Oktoba 30, 1894. Fuvu lililorudishwa 1954 lipo kwenye kioo na tunalipigia foleni. Ukuta wenyewe, ule ambao watu waliubeba jiwe kwa jiwe, umebaki vipande, na siku ile tulipokwenda wenzangu walikalia kipande kimoja wakinywa soda. Mimi pia nilikalia, kabla sijaambiwa. Chuo chetu kina jina la mtu huyo na tulikaa juu ya ukuta wake tukala chipsi!

Ninachotaka ni kidogo mpaka kinachekesha. Serikali ya kijiji iandike kwenye daftari lake kwamba pale hapachimbwi, kama wanavyoandika kwamba chanzo cha maji hakilimwi. Wazee wenye hadithi warekodiwe na wajukuu zao, simu mnazo, mnarekodi ngoma za harusi saa nne mfululizo. Na somo hili jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, kama lina maana, lianze na mtoto kushika futi kamba. Mtaro hauli chakula. Hauhitaji mshahara. Umekaa zaidi ya miaka mia pale na hakuna aliyeulipia hata shilingi.

Mtasema ni rahisi kwangu kuandika nikiwa na bumu mfukoni (halipo, liliisha tarehe kumi) na kaka yangu alichimba kwa sababu ya njaa. Kweli. Nakubali kabisa. Hasira yangu haiko kwa kaka. Mtu akiona watoto hawana ada na mgeni mwenye mashine anamwambia utajiri uko mita sita chini ya miguu yake, atachimba. Lakini kama kaka angefundishwa hii vita shuleni, kama angejua habari ya mzinga wa gogo na gunia moja la sarafu, angemcheka yule mgeni mashine ikiwa bado inalia. Alisoma mpaka kidato cha nne. Historia alipata C. Aliandika sababu sita za vita, na zote zilikuwa sahihi.

Jana usiku amenipigia. Tumeongea habari za mama, za mvua, za bei ya mawese. Halafu akanyamaza kidogo, akashusha sauti kama mtu asiyetaka mkewe asikie.

"Mdogo wangu, huko Iringa kwa Mkwawa, kwenye ile ngome... hamjasikia kama kuna kitu?"

Nikaanza kujibu, salio lake likakata. Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi, sijampigia. Foleni ya chakula imeshafika nje ya mlango, leo ni wali maharage, ngoja niwahi.